Mali Bila Daftari: Yale Korona Iliyotufundisha Kuhusu Simu na Biashara Ndogo za Nyumbani

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Fedha katika Mkutano Mkuu wa Mwaka 2021 wa wana-Lushoto tuishio Dar es Salaam)

  

Kwanza tumshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena ukumbi mmoja. Tangu tulipokaa hivi mara ya mwisho kuna viti ambavyo vimebaki wazi, na kila familia hapa inajua ni vya nani. Mungu awalaze mahali pema.

Kila mwaka Kamati ya Fedha huja mbele yenu na jedwali la mapato na matumizi. Mwaka huu jedwali hilo limechapishwa mwishoni mwa kitabu hiki, kila mtu alisome kwa nafasi yake. Sisi tumeomba dakika hizi tuzungumzie mstari mmoja tu wa jedwali lile. Ni mstari wa tisa. Umeandikwa "Programu ya simu kwa wafanyabiashara wadogo, shilingi 2,300,000." Mbele yake tumeandika neno moja: "Imeshindikana."

Wahasibu wengi wangeweza kuuficha mstari huo ndani ya "matumizi mengineyo". Tulifikiria hivyo, hatutaki kuwadanganya. Lakini leo tumekuja kuomba fedha nyingine kwa ajili ya wafanyabiashara wale wale, na haifai kumwomba mtu mara ya pili kabla hujamweleza ilikokwenda ile ya kwanza.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Machi 16, 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, kule Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Mikusanyiko ikazuiwa. Kwenye daladala tukaanza kukaa "level siti", na kila mlango ukawa na ndoo ya maji tiririka. Masoko hayakufungwa nchini kwetu, na watu hawakufungiwa ndani kama kwa majirani. Lakini soko linaweza kuwa wazi na wateja wakawa hawapo. Shule ziliponunua kabichi, sasa zilikuwa zimefungwa. Hoteli zilizonunua karoti na hoho zilikosa wageni, na ndege za kimataifa zilisimama kuanzia Aprili mpaka katikati ya Mei. Sherehe hazikuwepo. Mama lishe aliyekuwa akipika sufuria tatu alipika moja.

Sisi tuliopo mjini tulisikia habari kwa simu. Mzigo unaoza Soni. Nyanya zinarudi Mombo. Mtu mmoja akatuambia ng'ombe wake mwaka huu wamekula kabichi nzuri kuliko watu wa Dar. Tulicheka, lakini kicheko kile hakikuwa cha raha, kwa sababu karo zetu wengi tulioko hapa zililipwa na kabichi zile zile.

Basi tukakutana kwa simu, tukaamua kusaidia. Na kwa kuwa wengi wetu tunashinda maofisini mbele ya kompyuta, dawa tuliyoiona haraka ilikuwa ya kompyuta. Tulitafuta programu ya simu ambayo mfanyabiashara angeandikia mauzo, manunuzi, madeni na mzigo uliobaki. Tuliinunua kwa shilingi 1,500,000. Tukanunua simu janja nne za kufundishia, 600,000. Bando la intaneti na vocha, 200,000. Jumla ni hiyo 2,300,000 mnayoiona.

Programu ilikuwa nzuri. Ilichora hata grafu. Tulipooneshwa ofisini tulipiga makofi. Wafanyabiashara 40 waliandikishwa. Baada ya miezi mitatu waliokuwa wakiitumia walikuwa 6. Mwezi Desemba alibaki mmoja, na huyo alikuwa mpwa wetu ambaye ndiye tuliyempa kazi ya kuifundisha.

Tulipokwenda nyumbani Krismasi tukauliza kulikoni. Majibu yalikuwa mepesi mno hata tukaona haya. Programu ilitaka simu janja, na wengi wana kitochi. Ilitaka barua pepe ya kujisajili. Ilikuwa kwa Kiingereza. Ilitaka bando kila siku, na kuna vijiji ambako mtandao unapatikana ukipanda mlimani. Mtu akisahau neno la siri, ilimtaka afungue barua pepe ambayo hakuwahi kuifungua tangu afunguliwe na mpwa wetu. Mzee mmoja alituambia kwa upole: "Wanangu, mmetuletea mgeni ambaye kila siku anataka kupikiwa." Hatukuwa na la kumjibu.

Sasa tusikilize upande wa pili, maana wakati sisi tukihangaika na programu, watu wa nyumbani hawakukaa kusubiri.

Yupo mama yetu mmoja anayenunua nyanya na hoho mashambani na kuzileta Dar. Ametukubalia tueleze hesabu zake ila jina lake tusilitaje, kwa sababu, anasema, wanaomdai wako humu ukumbini. Kabla ya korona alikuwa akipanda basi kila wiki na kuja mwenyewe na mzigo. Ugonjwa ulipoingia aliogopa safari, na watoto wake wakamkataza kabisa. Alikuwa na kitochi, na binti wa kidato cha pili aliyekuwa nyumbani kwa kuwa shule zimefungwa.

Alichofanya ni hiki. Alikuwa na wateja watatu wa kudumu Dar: mwenye genge, mama lishe, na muuza mboga wa sokoni. Akawapigia mmoja mmoja jioni, akauliza kesho wanataka matenga mangapi. Akanunua idadi hiyo tu. Akapakia kwenye gari la mzigo la mtu anayemfahamu, akampa utingo shilingi 5,000 ya kufikisha. Mteja akipokea, analipa kwa simu. Ujumbe wa muamala ukiingia, binti anausoma na kuuandika kwenye daftari la shule: tarehe, jina, matenga, kiasi. Mwanzoni walitumiana pesa kama watu wanavyotuma kawaida. Baadaye kijana wa wakala akamsajilia lipa namba, ili fedha za biashara zisichanganyike na za nyumbani.

Shule zilipofunguliwa Juni 29, binti akarudi bweni. Tulimuuliza mama, je, ulikwama? Akasema wiki ya kwanza alilia. Wiki ya pili alikuwa ameshajua kwamba nyota, mia na hamsini, nyota haibadiliki, na yanayofuata ni kuchagua namba moja, mbili, tatu.

Daftari lile tulilikagua kama tunavyokagua vitabu vya kampuni. Kabla ya korona, kwa mwezi alileta safari 4 za matenga 8, yaani matenga 32. Akishatoa gharama ya shambani, ya gari na ushuru, kila tenga lilimbakizia kama shilingi 10,000, jumla 320,000. Lakini nauli yake, chakula na pa kulala vilikula 40,000 kila safari, yaani 160,000. Akabaki na 160,000.

Wakati wa korona mauzo yalishuka hadi matenga 5 kwa safari, yaani 20 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja iliyopotea. Matenga 20 yalimpa 200,000. Gharama yake mpya ilikuwa utingo 5,000 na vocha 2,000 kwa kila safari, yaani 28,000 kwa mwezi, na makato ya kutoa fedha kama 20,000. Jumla 48,000. Akabaki na 152,000.

Ndugu zetu, tafakarini hesabu hiyo. Mauzo yamepungua kwa zaidi ya theluthi, lakini alichobaki nacho mkononi kimepungua kwa shilingi 8,000 tu. Korona ilikuwepo, wateja walipungua kweli, na hakuna simu iliyowarudisha. Kilichomwokoa ni kwamba gharama zake nazo zilishuka, na hakununua mzigo ambao hakuwa na mnunuzi wake. Hakuna tenga lililooza.

Tofauti ya programu yetu na njia yake ni nini? Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani aitwaye Fred Davis aliandika kwamba mtu huipokea teknolojia mpya kwa kutazama mambo mawili: kama anaona itamfaa kazini, na kama anaona kuitumia ni rahisi. Sisi wengine tulilisoma jambo hilo chuoni, tukalifanyia mtihani, tukafaulu. Kisha tukalisahau siku ya kutumia fedha zenu. Tuliuliza "Itawafaa?" Hatukuuliza "Wataiweza kesho asubuhi, sokoni, mikono ikiwa na matope?"

Na nyumbani tumejifunza kuna swali la tatu: "Ikinikwamia, nitamuuliza nani?" Mama yule alikuwa na binti, kisha akawa na kijana wa wakala. Wale 39 walioacha programu yetu walikuwa na namba ya simu ya Dar ambayo mchana haipokelewi.

Hatutaki mwondoke hapa mkidhani simu ni dawa ya kila kitu. Tunapaswa kuwaambia na mabaya tuliyoyakuta, kwa kuwa ndiyo yanayohitaji fedha.

La kwanza ni utapeli. Wote mnazijua meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Kijana wetu mmoja aliachia mzigo wa shilingi 180,000 kwa kuoneshwa ujumbe wa malipo uliotungwa. Hakuangalia salio lake. Huo ulikuwa mtaji wake wote, na mpaka leo hajarudi sokoni. Tumekuta pia wazee wanaompa wakala namba ya siri awabonyezee, na wengine wameiandika nyuma ya simu kwa kalamu. Urahisi usio na tahadhari ni mlango usio na komeo.

La pili ni floti. Mkulima anataka fedha taslimu, kwa sababu kibarua wake na muuza mbolea nao wanataka taslimu. Siku ya gulio watu wanajaa kwa wakala, na ikifika saa nne asubuhi wakala anasema fedha zimekwisha. Fedha ipo ndani ya simu lakini huwezi kununulia hoho. Anayehitaji kwa haraka anapanda bodaboda hadi mjini, na faida yote ya matenga mawili inaishia kwenye bodaboda.

La tatu ni gharama. Julai 15, 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, baadhi ya wafanyabiashara walirudi kwenye noti. Mwezi Septemba ilipunguzwa kwa asilimia 30, wengine wakarejea, wengine hawakurejea. Sisi hatuna uwezo wa kupanga tozo. Lakini tunaweza kumfundisha mtu kupanga miamala yake, atoe mara moja kwa wiki badala ya kutoa kidogo kidogo kila siku, na alipe moja kwa moja kwa simu pale anapoweza bila kutoa.

La nne ni daftari lenyewe. Wengi wana simu lakini hawaandiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria ya kodi inakubaliana nao. Kwa viwango vya mwaka 2021, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, kama hana kumbukumbu, analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 na ana kumbukumbu zinazokubalika atalipa 30,000. Kwa hiyo daftari la shilingi 2,000, likiandikwa vizuri, linaweza kumwokolea mtu 70,000. Ni biashara gani Lushoto inayolipa hivyo?

Sasa ombi letu.

Hatuombi fedha za programu nyingine. Tunaomba shilingi 6,000,000 kwa mambo manne, na kila moja limetokana na yale tuliyoyaona kwa macho yetu.

Moja, dawati la msaada siku za gulio. Vijana wawili wa pale pale, waliomaliza kidato cha nne au cha sita, watakaa sokoni siku mbili kwa wiki. Wataulizwa chochote: jinsi ya kusajili lipa namba, jinsi ya kuangalia salio, jinsi ya kutambua meseji ya kitapeli. Posho ni 10,000 kwa siku kwa kila mmoja. Kwa wiki 52 ni shilingi 2,080,000. Zile simu janja nne bado zipo na ni nzima, watazitumia wao. Kwa hiyo kati ya zile 2,300,000, fedha iliyopotea moja kwa moja ni 1,700,000. Hatusemi ni ndogo.

Mbili, floti ya kuzunguka kwa mawakala watatu, shilingi 1,000,000 kila mmoja, jumla 3,000,000. Huu ni mkopo usio na riba, wenye mkataba na mdhamini, na utarudishwa baada ya miezi 12 ili upewe mwingine.

Tatu, madaftari 300 yaliyopigwa mistari tayari kwa Kiswahili: tarehe, nimeuza nini, nimepokea kiasi gani, nimetumia kiasi gani, nani ananidai, namdai nani. Kwa 2,000 kila moja ni 600,000.

Nne, paneli ya sola na vifaa vya kuchajia simu pale kwenye dawati, 320,000. Simu iliyozimika haipokei malipo.

Wajumbe saba wa Kamati ya Fedha tumeshatoa 100,000 kila mmoja mfukoni mwetu, jumla 700,000. Hatukulazimishwa na mtu. Tuliona kwamba kosa lilikuwa letu na tuanze sisi. Kwa hiyo tunachowaomba ninyi ni 5,300,000.

Tunajua yapo maswali. Wapo wanaosema ingekuwa bora tuwape wafanyabiashara mtaji mkononi. Tulifikiria. Lakini mama yule hakuongezewa mtaji hata senti moja, na kijana aliyetapeliwa alikuwa na mtaji. Mtaji ukiingia mahali ambapo hesabu hazijulikani, mwaka ujao tutakuwa na mstari mwingine wa "Imeshindikana". Wapo pia wanaosema korona itapita. Ikipita tutashukuru. Lakini barabara ya Mombo itaendelea kubomoka mvua ikizidi, bei itaendelea kuanguka msimu wa mavuno, na mtu atauguliwa asiweze kusafiri. Anayeweza kuuza bila kupanda basi amejiandaa kwa hayo yote.

Na ili tusiwe watu wa kuhubiri tusichotenda, tumebadilisha na utaratibu wetu wenyewe. Zamani kuchangia umoja huu ulitakiwa uende benki, ujaze karatasi, uipige picha, uitume kwa mweka hazina, kisha umkumbushe. Ndiyo maana wengi mlikuwa mnasema "nitatoa kesho" na kesho haikufika. Sasa lipa namba ya umoja iko kwenye jalada la nyuma la kitabu hiki. Ukilipa, utapata ujumbe wa mweka hazina ndani ya saa 24 wenye jina lako na kiasi chako. Usipoupata, tupigie tukiwa bado tunakumbuka. Na mzee anayependelea kutoa taslimu, dada zetu wako pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Hatutamlazimisha mtu kubonyeza.

Kila miezi mitatu tutawatumia taarifa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye mambo matatu tu: watu wangapi wamekuja dawatini, floti kiasi gani imerudi, na madaftari mangapi bado yanaandikwa. Hilo la mwisho ndilo tutakaloliangalia kwa makini zaidi. Madaftari 300 yakigawiwa na baada ya miezi sita yanaandikwa 40, tutawaambia ni 40. Na mkiona mstari wa tisa mwingine, mtuondoe kwenye kamati.

Mama yule alipotukabidhi daftari lake tulikague, alitupa sharti moja: tulirudishe kabla ya Jumatano, kwa sababu Jumatano anapakia mzigo. Tulilirudisha Jumanne. Tungependa mwakani tukienda nyumbani tukute watu wengi zaidi wanaotuwekea sharti kama hilo.

Haba na haba hujaza kibaba. Tunawaomba mfungue mikono.